Dereva wa Dani

Pale stesheni ya zimamoto tulikuwa na madereva wengi, wazee kwa vijana, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno lingine, kila mtu alijua unamsema nani. Hata mkubwa wetu wa kwanza, mtu aliyependa kuita watu kwa namba zao za kazi, akifika kwake alisema Dereva. Nami nimezoea hivyo hivyo. Nikimwita kwa jina lake hapa nitakuwa kama ninamsema mtu mwingine nisiyemjua. Gari lake ndilo lilikuwa na jina, Dani, maana yake bibi, mama wa mzazi, kwa Kijaluo. Lilikuwa gari la zimamoto lililofika Kisumu kabla wengi wetu hatujazaliwa, jekundu, lenye pua ndefu, ngazi ya mbao mgongoni na kengele ya shaba kando ya mlango.

Ninaandika nikiwa na moyo mzito, na afadhali niseme mapema kwa nini. Katika miaka yote niliyomjua, Dereva aliniomba kitu kimoja tu. Aliomba kwamba siku Dani atakapoondolewa stesheni, yeye ndiye amwendeshe kumtoa langoni. Basi, hadi nje ya lango tu. Nilimpa neno langu, na sikulitimiza, na sababu yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ninaona haya kuitaja. Nitaitaja, lakini kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Watu wa Kisumu wanaamini kwamba gari la zimamoto huja bila maji. Sijui imani hiyo ilianza lini, lakini huwezi kuiondoa. Ukweli ni kwamba tangi la gari kama Dani, mipira ikifunguliwa yote, huisha upesi mno, na mtu aliyetoka nyuma mbio kuja kutazama moto anatukuta tumesimama, mipira imelala, tunatafuta pa kujaza tena. Anaona tu watu wa serikali wenye kofia ngumu wasiofanya kitu. Hapo ndipo mawe huanza kuruka. Mimi mwenyewe nina kovu juu ya nyusi, na sikulipata kwa moto.

Dereva alikuwa na dawa yake. Tukifika penye moto, sisi tukiwa tunaruka chini na kuvuta mipira, yeye alizima king'ora, akashuka polepole, akaenda nyuma ya gari, akafungua bomba dogo la chini na kunawa mikono mbele ya umati. Alinawa hasa, hadi kwenye viwiko, kama mtu anayetaka kukaribia ugali. Kisha akawageukia.

"Maji ni hii, mnaona?" alisema. "Sasa mtupe nafasi tufanye kazi."

Watu walicheka, na mtu anayecheka ni vigumu kurusha jiwe. Siku moja karakana za mbao za Kondele zilipowaka, mama mmoja muuza samaki alijitokeza na beseni na kumwambia kwamba kama maji yapo kweli, basi na yeye apewe ya kuoshea samaki wake. Dereva alimjazia beseni moto ukiwa unawaka nyuma yake. Mkubwa wetu alitaka kumfukuza kazi siku hiyo. Sisi tulikuwa tunapumua moshi na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alijaribu.

Wakubwa hawakuipenda tabia ile. Walisema ni kupoteza maji ya umma, na kwa vitabu vyao walikuwa sawa. Nilipopandishwa cheo nami nilimwita ofisini nikamkataza, na nilitumia sauti ya ofisi, ile ambayo mtu akiwa na cheo kipya huitumia hata kuagiza chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo, amesikia. Moto uliofuata ulikuwa wa kibanda cha nguo Kibuye, na Dereva alinawa mikono, kisha akanawa na uso. Nilikasirika, nikamnunia hadi jioni, ingawa hakuna jiwe lililotupwa siku hiyo.

Msidhani alikuwa mtu mwema wa kupigiwa mfano. Alikuwa na kiburi cha ajabu na hakuwahi kuomba msamaha mbele yangu. Kijana akiosha magurudumu ya Dani vibaya, Dereva hakumwambia ameosha vibaya. Alimwagia gurudumu lile tope kwa ndoo, akaondoka. Mzima moto mmoja alichelewa kufunga buti, na Dereva akaondoka bila yeye. Yule bwana alikimbia nyuma ya gari kutoka stesheni hadi karibu na soko, buti moja mguuni na moja mkononi, na watoto wakimshangilia. Tulipomwuliza Dereva kama hakumwona kwenye kioo, alisema alimwona vizuri sana.

Magari mapya aliyaita friji. Yalipoletwa, meupe milangoni, yenye vitufe na taa ndogo ndogo, aliyazunguka akiwa ameweka mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari aliyekonda. Akauliza, hilo friji likiharibika mnaita fundi au daktari? Kisha alikataa kujifunza kuliendesha. Kweli alikataa, na waliokuwa chini yake wakapandishwa cheo kwa kujua vitufe, na yeye akabaki palepale na Dani wake hadi alipostaafu. Nadhani ilimuuma. Lakini ukimgusia alisema yeye hafanyi kazi ya kupika, hana haja ya friji.

Na kuna mambo yake mengine ambayo hadi leo yananichekesha. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa asiyejua kuogelea, na aliliogopa ziwa waziwazi bila kuona haya. Ghala moja la samaki liliposhika moto karibu na ufuo, ilibidi Dani arudishwe nyuma hadi majini ili pampu ivute maji ya ziwa. Dereva alimrudisha vizuri kabisa, lakini nilikuwa nimeketi kando yake na niliona midomo yake ikienda. Alikuwa anasali. Magurudumu ya nyuma yalipogusa maji aliinua miguu yake kutoka sakafuni kana kwamba yangelowa, akakumbuka breki, akairudisha upesi.

Moto wenyewe aliuogopa zaidi, ila nyumbani tu. Mke wake, ambaye sisi sote tulimwita Mama, alilalamika kwamba katika ndoa yao hajawahi kupika kitu kikaiva kwa amani. Akifunika makaa kwa majivu ili yamsaidie kesho yake, Dereva alipita na kikombe cha maji akayazima kabisa. Kila asubuhi Mama aliwasha jiko upya, akitoa machozi ya moshi na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Aliniambia, mume wangu analipwa kuzima moto mjini, huu wa kwangu anauzima bure.

Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye usukani wa Dani, na Dereva hakutaka. Alinieleza usoni kwamba klachi ile inahitaji shavu nene la mguu, na wanawake wana miguu ya kanisani. Nilikuwa na hasira za kutosha kuvunja klachi yenyewe. Mkubwa alipolazimisha, Dereva alinipeleka kiwanjani upande wa Kibos, akaketi kando yangu akiangalia nje dirishani kana kwamba yuko ndani ya basi la watu wengine. Gia za Dani zilikuwa za zamani. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, na ukikosea kidogo tu, chuma kinalia mpaka meno yako yanauma.

Nilikosea, na nikakosea tena. Baadaye nikamsikia ameanza kuimba kwa pua, wimbo wa kanisani, taratibu. Nilidhani ananidharau. Kumbe sauti yake ilikuwa inafuata ya injini, ikipanda inavyopanda, na ilipofika mahali fulani alinyamaza kidogo, na hapo ndipo mkono wangu ulipaswa kwenda. Hakunieleza. Aliimba tu, na mwisho nilielewa, na gia ikaingia kama kijiko kwenye uji. Hakunisifu. Aliacha kuangalia dirishani, akaangalia barabara, na tangu siku hiyo akaanza kuniita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa sababu kwetu ni Asembo Bay. Kabla ya hapo alikuwa akiniita wewe.

Sasa kuhusu kuvutwa. Dereva alikuwa na sheria moja ambayo kila mtu stesheni aliijua. Dani havutwi. Gari la zimamoto, alisema, linatoka kwa nguvu yake na linarudi kwa nguvu yake, na siku watu watakapoliona limefungwa mnyororo nyuma ya lori, wataacha kuliogopa, na wakiacha kuliogopa hawatalipisha njia. Alijifunga na sheria hiyo hadi ikawa ujinga. Dani aliharibika karibu na Ahero tukirudi kutoka kwenye ajali ya tangi la mafuta, na mkubwa akatuma lori la kuvuta magari. Dereva alikataa Dani asifungwe. Alilala chini ya Dani mchana kutwa jua likiwaka, akaagiza mafundi wa huko, akabishana nao, akawatukana mama zao, kisha akawatumia salamu mama hao hao. Magharibi aliingia langoni akiendesha, uso mzima grisi. Alipewa barua ya onyo. Aliikunja akaiweka chini ya kiti cha Dani ili kiti kisicheze.

Alipostaafu, Dani alikuwa ameshasukumwa kwenye banda la nyuma, karibu na mapipa ya mchanga. Hakuna aliyemhitaji tena, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa. Betri zake zilikuwa zikiibwa, na baada ya kuibwa mara ya pili, Dereva alikuja na utaratibu wake. Betri aliiweka kwake nyumbani, Manyatta, akiichaji mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi aliileta kwa bodaboda, ameikumbatia ndani ya gunia kama mtu anayepeleka jogoo kwa wakwe. Aliifunga, akamwasha Dani, akamsikiliza, akamsogeza mbele kidogo na nyuma kidogo. Alisema anamnyoosha miguu. Kisha aliifungua betri, akairudisha kwenye gunia, akaja ofisini kwangu kunywa chai.

Mimi wakati huo nilikuwa ndiye msimamizi. Kwa sheria sikupaswa kumruhusu, maana hakuwa mfanyakazi tena, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Alidhani hatujui. Akitaka kuona upande ule aligeuza kichwa chote kama kuku. Nilimruhusu hata hivyo, na zile Jumamosi nilizipenda. Ninasema hivi ili mjue sikuwa adui yake.

Ni katika chai hizo ndipo aliponiomba. Alikuwa anachovya mkate kwenye kikombe na hakuniangalia.

"Nyar Asembo, siku wakimtoa Dani, mimi ndio nitamtoa," alisema. "Mpaka nje ya gate. Hapo wachukue, wakate, mimi nitageuka niende nyumbani."

Nilimwambia sawa, Mzee, una neno langu. Nililisema kwa urahisi sana. Nilidhani siku hiyo haitafika, au itafika nikiwa nimeshahamishwa.

Ilifika. Wakubwa waliamua Dani auzwe kama chuma chakavu kwa mfanyabiashara mmoja mwenye uwanja mbele ya Mamboleo, na mimi niliitwa kwenye mkutano na sikusema neno. Ningesema nini? Gari lilikuwa haliendi motoni tena, na banda lilihitajika. Jumamosi ile Dereva alikuja kama kawaida, akaniuliza kama kuna habari zozote za Dani. Nikasema bado. Jumamosi iliyofuata akauliza tena, nikasema bado, wanajadili. Mara ya tatu hakuuliza kwa mdomo, aliinua tu nyusi kutoka kwenye kikombe, na mimi nikatikisa kichwa. Nilikuwa ninatafuta siku nzuri ya kumwambia. Mtu akianza kutafuta siku nzuri, jueni ameshaamua kutosema.

Wiki ile alikwenda Awasi kumzika shemeji yake. Kabla ya kuondoka alinipigia kunieleza yuko wapi, na betri iko nyumbani. Akasema nikimhitaji kwa lolote nipige tu, Awasi si mbali, atapanda gari aje.

Watu wa chuma walikuja Jumatano asubuhi. Gari jipya lilikuwa linapokelewa kesho yake, na wageni walikuwa wamealikwa, viti vya plastiki vimeshapangwa uani. Mkubwa alitaka banda liwe tupu kabla ya mchana. Wale mabwana walimwangalia Dani wakauliza kama anawaka. Nikasema anawaka vizuri, ila betri haipo. Mkuu wao akasema basi si neno, watafunga mnyororo.

Nilikuwa na simu mkononi. Jina lake lilikuwa kwenye kioo, na kilichobaki kilikuwa kugusa tu. Niliona jinsi atakavyokuja, suti ya matanga imejaa vumbi la Awasi, betri ndani ya gunia, akimzunguka Dani na kumgusagusa, na watu wa ofisi wakiangalia. Nikajiambia kwamba nitamwepushia maumivu. Nikajiambia kuhusu jicho lake, kana kwamba kuna jicho linalohitajika kutoka bandani hadi langoni. Niliita kitu kile huruma. Haikuwa huruma. Niliogopa mkubwa ataniuliza huyu mzee ni nani, na nani alimruhusu kuingia humu kila Jumamosi, na nitalazimika kumwambia yule mkuu wa watu wa chuma kwamba tusubiri, tumsubiri dereva mstaafu. Niliona aibu kusema neno hilo, tusubiri. Nikairudisha simu mfukoni.

Gari likivutwa, lazima mtu akae ndani ashike usukani. Vijana wa yule mfanyabiashara waliujaribu wakaushindwa, maana injini ikiwa imezima Dani alikuwa mzito kama jiwe. Basi nikapanda mimi. Nilifikiri angalau hilo nimfanyie, asiondoke na mgeni. Ni ajabu mtu anavyoweza kufanya ubaya na papo hapo akajitafutia tuzo ndogo.

Tulitoka langoni mnyororo ukilia. Mjini watu walitazama tu. Lakini tulipofika Kondele, pale stendi ya bodaboda, kijana mmoja aliona tunachovuta akapiga mluzi, na wenzake wakaelewa mara moja. Mnajua jinsi gari la maiti linavyosindikizwa kwetu. Walivunja matawi kwenye miti ya kando ya barabara, wakayafunga kwenye usukani wa pikipiki zao, wakawasha taa mchana na kutuzunguka wakipiga honi mfululizo. Mmoja alimpanda mwenzake mabegani akawa anajifanya analia, anajipiga kifua, ole wetu Dani ametuacha. Walikuwa wanakufa kwa kicheko. Wamama wa mboga nao walicheka, na mmoja akatupa kipande cha leso barabarani kama anatandikia wafu. Walitufuata hadi karibu na Mamboleo, na mimi nimekaa juu kwenye kiti cha Dereva na sare yangu yote, mikono ikiuma, siwezi kusimama wala kukimbia. Sijawahi kuhisi hatia ikinikaa mwilini namna ile, kama nguo iliyolowa.

Tulipofika uwanjani kwao nilishuka bila kugeuka nyuma. Nilisikia wakianza na mlango.

Ijumaa mchana niliambiwa amerudi. Sikutaka afike stesheni kesho yake na gunia lake, kwa hivyo nilikwenda Manyatta kwa miguu, njia yote nikipanga maneno. Nilimkuta nje ya nyumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki anabambua njugu ndani ya sinia. Mama alinisalimia akaingia ndani upesi, na kwa jinsi alivyoingia nilijua wameshasikia. Majirani wa Manyatta hawamwachi mtu akae na habari peke yake.

Nilikaa kwenye kigoda. Aligeuza kichwa chote ili anione kwa jicho zima.

"Umekuja kuniambia," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi niambie."

Nikamweleza. Nilimweleza mkutano, na zile Jumamosi nilizosema bado, na watu wa chuma, na mnyororo. Nilimwambia ni mimi niliyeshika usukani. Alikuwa anabambua njugu muda wote huo. Nilipomaliza alipuliza maganda kutoka kwenye sinia.

"Huko Awasi netiwaki ni mbaya," alisema. "Labda ulipiga haikuingia."

Haki ya Mungu, alikuwa amenifungulia mlango na kusimama kando nipite. Ningesema ndiyo, nilipiga, na tungekunywa chai. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wangu, nilitaka kuutoa wote siku hiyo, nisibakishe hata punje.

"Sikupiga, Mzee. Simu nilikuwa nayo mkononi, sikupiga."

Aliitikia kwa kichwa. Akabambua nyingine. Nikasema nisamehe. Mama alitoka na birika, akatumiminia, akarudi ndani. Kisha nilimwona Dereva anabadilika uso. Alijiinua kidogo kwenye kiti, na sauti ikawa ya mtu aliyehifadhi kitu kizuri cha mwisho.

"Lakini nimeambiwa kitu," alisema. "Nimeambiwa vijana wa Kondele walikata matawi. Ati walimsindikiza na pikipiki, na honi, na taa, mpaka Mamboleo. Hata wamama walitoka. Nimekaa Kisumu hii yote, sijaona gari imefanyiwa hivyo. Wewe ulikuwa ndani, uliwaona. Walikuwa wanalia?"

Nilimwangalia. Nilikuwa nimeapa moyoni, njiani nikija, kwamba kuanzia leo huyu mzee hatasikia kutoka kinywani mwangu ila ukweli. Niliona ndiyo heshima pekee iliyobaki kumpa.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Walikuwa wanacheka. Walikuwa wanafanya mchezo."

Mikono yake ilisimama juu ya sinia. Aliangalia kule njiani ambako watoto wa jirani walikuwa wanarudi kutoka shule, na mimi nikaangalia huko huko kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye.

"Hapo ungenidanganya tu, Nyar Asembo," alisema.